Makubadhi ya Kioo ya Zuhura

Vijana wenzangu wa karakana, tangu mniage kwa ile pilau na kunivisha koti ambalo mikono yake inanifunika vidole, kila mmoja wenu anayepita kwangu Mabawa huniuliza swali moja tu. Hamniulizi jinsi ya kuzuia soli isiachie wakati wa masika, jambo ambalo lingewafaa. Mnaniuliza: "Eti mzee Mbwana, ni kweli uliwahi kutengeneza viatu vya kioo? Na vikavalika?"

Nimechoka kujibu kwa mdomo, maana kila nikijibu nasema jambo jingine. Leo nitasema vilivalika, wiki ijayo nitasema havikuvalika, na mara zote mbili nasema kweli. Sasa naandika, nione kama jambo hili likikaa kwenye karatasi litatulia. Sina hakika.

Niliingia kazini mwanzoni mwa miaka ya hamsini, nikitokea kwetu Tongoni. Nilikuwa mtu mzima, nimeshaoa, na nilijiona fundi kwa sababu nilijua kushona makubadhi haraka kuliko mtu yeyote kijijini. Karakana ilikuwa Ngamiani, hapa Tanga mjini, chumba kimoja chenye mlango mpana na harufu ya sherizi, ile gundi tuliyokuwa tukiichemsha kwenye kopo. Mpaka leo nikiisikia harufu hiyo, tumbo linaniambia ni saa ya chai. Mwenye karakana alikuwa Mzee Petro Shemdoe, Msambaa wa milimani, Mlutheri, mtu mrefu mwenye vidole vinene aliyejifunza ushonaji viatu misheni. Maneno yake yalikuwa machache, na mengi kati ya hayo machache aliyasema akiwa na misumari mdomoni, kwa hiyo ilibidi uyasikilize mara mbili.

Siku ya kwanza nilikwenda na msharasi wangu mwenyewe wa kutobolea ngozi, nikitegemea nitapewa kipande nionyeshe kazi. Mzee Petro aliupokea, akaitazama ncha yake, akauweka juu ya rafu. Kisha akanipa kigoda na kuniweka mlangoni.

"Tazama," akasema.

"Nitazame nini, mzee?"

"Wanaopita."

Nilikaa pale hadi adhuhuri. Aliponiuliza nimeona nini, nilimtajia kwa fahari: buti za watu wa reli, raba, makubadhi, mitalawanda ya mti, na miguu mitupu mingi kuliko vyote hivyo. Akatikisa kichwa. "Nilikwambia utazame wanaopita. Viatu havipiti." Kesho yake akanirudisha kigodani. Nilichukua muda mrefu kuona alichokiona yeye: kwamba huyu anautupa mguu nje, yule anakanyaga kwa kisigino kana kwamba ana ugomvi na ardhi, na mama yule mguu wake mmoja ni mfupi, naye ameuficha kwa namna anavyobeba kikapu.

Mengine mnayajua kwa sababu niliwafundisha na nyinyi: kuloweka ngozi, kuivuta juu ya kalibu, ule mfano wa mguu, kupaka uzi nta hadi uimbe ukiuvuta. Sitayarudia. Nitasema tu kwamba kalibu zetu zilichongwa kwa mti wa mwembe, na Mzee Petro alizipa majina ya watu waliomuudhi.

Kazi ngumu zilitoka mashamba ya mkonge. Walikuja watu waliokatwa vidole na mashine, waliochomwa na miiba ikaozea ndani, mmoja ambaye kisigino chake kilikuwa kimeondoka chote. Wote walikuwa na ombi moja, nalo hawakulisema moja kwa moja: kiatu kifunike. Tulijaza pamba, tukajaza sufi, tukachonga vidole vya mti na kuvishonea ndani ya buti ili mtu aingie kanisani au msikitini akiwa mzima machoni pa wenzake. Hata msikitini, ambako viatu huvuliwa mlangoni, walitaka angalau wafike mlangoni wakiwa wazima. Kwa miaka ile nilidhani hiyo ndiyo kazi yetu, kufunika. Ndiyo sababu Zuhura alinivuruga.

Alikuja baada ya masika, akiwa amevaa buibui, akifuatana na mke wangu Mwanahawa. Walikuwa majirani. Zuhura alikuwa binti wa Bi Tatu, mjane aliyekuwa akisuka makuti nyuma ya nyumba yetu. Nilimjua kwa sauti kuliko kwa sura. Alimwamkia Mzee Petro kwa adabu, kisha akanigeukia.

"Fundi, kioo kinaweza kuvaliwa?"

Nilidhani anauliza miwani. Nikamwelekeza mtaa wa pili, kwa yule Mhindi wa miwani.

"Mguuni," akasema.

Mzee Petro akaitoa misumari mdomoni.

Zuhura akasimulia, na Mwanahawa akawa anamsaidia pale aliponyamaza. Alipokuwa mtoto, jungu la mafuta ya nazi lilipinduka jikoni likamwagikia mguu wake wa kushoto. Alipona, lakini ngozi ya juu ilikunjamana na kuvuta vidole nyuma. Tangu hapo hakuna mtu nje ya nyumba yao aliyeuona mguu ule. Sasa alikuwa ameposwa na Kassimu, mtu wa Mwera upande wa Pangani. Kassimu alilelewa na shangazi yake, Bi Mwanamkuu, na katika nyumba ile neno la shangazi ndilo lililokuwa neno. Posa ilikwisha kukubaliwa. Ndipo mtu fulani, Mungu amsamehe, akapeleka maneno Mwera kwamba binti wa Bi Tatu hafichi kovu, anaficha ukoma. Kassimu hakuivunja posa. Alituma habari tu kwamba Bi Mwanamkuu na wanawake wenzake watakuja kumtazama mwari.

"Basi jambo ni jepesi," nikasema. "Waonyeshe. Vua kiatu, waone ni kovu la moto, maneno yaishe."

Zuhura hakukasirika. Alinitazama kama mtu anayemsubiri mtoto amalize kufunga kamba.

"Nikivua, fundi, wataniona nimevuliwa. Nikivaa kioo, wataniona nimevaa."

Nilisema nimeelewa. Sikuelewa. Nilimuuliza wazo hilo amelipata wapi, maana sikuwahi kusikia kitu cha namna ile, na kama kuna nchi wanayo hadithi yake, haikuwa imefika kwetu. Akasema alikuwa akisafisha chemni, kile kioo cha taa. Alikuwa ameingiza mkono ndani na kitambaa, akautazama mkono wake. Ulionekana wote, kila mstari, lakini ulikuwa ndani ya kitu. Akautazama kwa muda mrefu.

Walipoondoka, nilisubiri Mzee Petro acheke. Badala yake akachukua mtalawanda wa zamani uliokuwa rafuni, akaugonga kwa kidole.

"Mti haupindi," akasema. "Na watu wanautembelea."

"Mti haupasuki, mzee."

"Unapasuka. Nimeutengeneza mara nyingi." Akaurudisha rafuni. "Tafuta kioo."

Kabla sijatafuta, Bi Tatu alinijia mwenyewe nyumbani. Alipita mlango wa nyuma, akakataa kiti. Alikuwa amesikia. "Baba Mbwana," akaniambia, ingawa ningeweza kuwa mwanawe, "nakuomba kama mtu anayekuomba maji. Mshonee mwanangu kiatu kizuri cha kufunika, cha ngozi laini, ukijaze ndani ili mguu ukae sawa. Hao wageni wataona kiatu, watakula, watakwenda. Akishaingia nyumbani kwa mume, Kassimu ataona kovu na atajua ni kovu. Ukimvisha kioo, umemtia fedheha mbele ya ukumbi mzima."

Nilimwona ana haki. Nilipokuwa na Zuhura nilimwona Zuhura ana haki. Nilibaki katikati kama mtu aliyeshikwa mikono miwili, kila mmoja akivuta kwake. Nilimuuliza Mzee Petro tufuate neno la nani. Alikuwa akisugua soli kwa msasa, hakuinua kichwa.

"Mguu ni wa nani?"

Nikaanza kutafuta kioo.

Hapa sasa ndipo nyinyi mnapopataka, basi someni polepole, maana hata mimi niliyefanya sijui vizuri niwaambie nini. Kwanza nilichukua chupa kubwa ya peremende kutoka dukani, nikaizungushia uzi uliolowekwa mafuta ya taa, nikauwasha, kisha nikaitumbukiza majini. Kioo kikakatika pale ulipopita uzi, karibu sawasawa. Nikasugua makali kwa mchanga na maji juu ya jiwe hadi ulimi wangu ukapita bila kukatwa. Msinifuate kwa ulimi. Nikaingiza mguu wangu mwenyewe ndani hadi kwenye kifundo. Unaingia! Nikamwita Mwanahawa aone. Alipofika kutoka uani, mguu haukuonekana tena. Jasho la Tanga lilikuwa limekipaka kioo ukungu kote, na mguu wangu ulikuwa umefichika kuliko ungekuwa ndani ya buti.

"Kumbe umepata kiatu cha Bi Tatu," mke wangu akasema, akarudi zake uani.

Kwa hiyo kiatu cha kufungika hakikufaa. Kiatu cha kioo kinachokufunika kinakunyima kile ulichokinunulia kioo. Nikarudi kwenye makubadhi: soli, na kipande cha juu kilicho wazi pembeni, hewa ipite. Kwa soli nilikwenda kwa fundi wa vioo, mtu mwenye almasi ya kukatia, nikamchorea umbo la mguu kwenye kioo cha dirisha. Akaniuliza ni cha kuwekea picha? Nilipomwambia, akasema yeye anakata vitu vya kutazamia, si vya kukanyagia, lakini akakata. Niliiweka sakafuni, nikaipanda kwa mguu mmoja, kisha kwa uzito wote. Ikanibeba. Nikaisogeza mahali pengine pa sakafu ile ile, nikapanda, ikaenda vipande viwili. Tulipochunguza chini tukakuta chembe ya mchanga. Chembe moja tu. Mahali pa kwanza sakafu ilikuwa safi.

Hilo ndilo lililonianzishia kuchanganyikiwa. Kioo kilekile, mtu yuleyule, chumba kilekile. Je, niseme kilibeba mtu au hakikubeba?

Tukatafuta kioo kinene. Kwa mtu mmoja aliyekuwa akiuza vyuma chakavu karibu na bandari nilipata vioo viwili vya madirisha ya meli, yale ya duara, vinene kama kidole. Fundi wa vioo alitukana kwa lugha tatu lakini akavikata. Mimi nikavisugua kwa mchanga siku nyingi, Mzee Petro akatoboa matundu kwa keekee yenye bomba la shaba, akidondosha maji na mchanga huku akiimba nyimbo za kanisa polepole mno, kwa sababu ukiharakisha kioo kinakujibu. Kipande cha juu tulikikata kwenye bega la chupa kubwa ya tindikali, pale palipoviringika kama mgongo wa mguu. Mzee Petro alisisitiza kioo kisigusane na kioo. Akaweka ngozi nyembamba kati ya soli na kipande cha juu, tukafunga kwa gidamu za ngozi zilizopakwa nta. Chini ya soli nikabandika vipande viwili vyembamba vya mpira wa tairi la baiskeli, ili soli isikalie mchanga.

Tulipomaliza nikamuuliza: "Mzee, kina ngozi, kina mpira. Bado ni kiatu cha kioo?"

Akafikiri. "Na kiatu chetu cha ngozi kina misumari ya chuma," akasema. Halafu akaongeza: "Lakini sijui."

Zuhura alikuja kujaribu. Vipimo vya wateja wanawake vilichukuliwa na Mwanahawa siku zote, na siku hiyo yeye ndiye aliyemvisha. Tulifanya jambo moja ambalo sikulipanga vizuri. Nilitaka kuona soli inapobeba uzito, kwa hiyo niliiweka juu ya magogo mawili, moja mbele na moja nyuma, nikatelezesha kioo cha kujitazamia chini yake. Zuhura akapanda, akamshika Mwanahawa begani. Na kwenye kioo kile cha chini tukauona unyayo wake, umebanwa na soli, kila sehemu.

Palipokanyaga paligeuka peupe, damu imekimbia. Palikuwa ni ukingo wa nje tu, kuanzia kisigino hadi kidole kidogo. Vidole vingine vilining'inia, havikugusa. Nilielewa pale pale kwa nini kila kiatu alichowahi kuvaa kilimuumiza: wote walimshonea kana kwamba anakanyaga kama watu wengine. Ningeweza kutazama watu wakipita mlangoni maisha yangu yote nisilione lile, kwa sababu lilikuwa chini yake, na ni kioo tu kilichonionyesha. Nikachukua mkaa nikauchora mstari ule kwenye karatasi.

Zuhura alikuwa akitazama pia. Hakutazama alama yangu. Aliinama kadiri alivyoweza.

"Kumbe chini hakukuungua," akasema.

"Hukujua?" Mwanahawa akamuuliza.

"Sijawahi kuutazama."

Mzee Petro alitoka nje, akasema anakwenda kuchemsha sherizi. Sherizi ilikuwa imechemka tangu asubuhi.

Nilimpa Zuhura masharti, na nayarudia hapa kwa maneno yale yale: "Yavae ukiwa umekaa. Ukisimama, simama pale pale. Usitembee." Akaitikia. Bi Tatu alipoyaona alikaa chini, akafunika uso kwa kanga, kisha akasema kama ni hivyo basi mkeka ufagiliwe mara mbili.

Siku yenyewe mimi sikuwepo, kwa kuwa ulikuwa mkutano wa wanawake. Nilikuwa karakana nikipigilia msumari mahali pasipohitaji msumari. Niliyoyajua niliyapata kwa Mwanahawa, ambaye alikuwepo akigawa kahawa, na baadaye kwa Bi Tatu, na hayalingani.

Wanakubaliana hivi. Ukumbi ulijaa. Zuhura alikaa kitini, amevaa, miguu yote miwili mbele, makubadhi yakipokea mwanga wa mlangoni. Wageni walitazama, wakatazama tena. Wengi walikaa mkekani, lakini walikaa mbali. Bi Mwanamkuu, mzee mwembamba mwenye mkongojo, alifika wa mwisho na akasimama kizingitini. Hakuingia.

Mwanahawa anasema alisimama kwa sababu magoti yalimuuma na ngazi ilikuwa ndefu. Bi Tatu anasema alisimama kwa makusudi, ili aone. Vyovyote, mzee amesimama mlangoni, na mkwe hawezi kumwamkia akiwa amekaa. Zuhura akainuka.

"Shikamoo, shangazi," akasema kutoka pale alipokuwa.

Bi Mwanamkuu akaweka mkono sikioni. "Nani anasema?"

Basi Zuhura akatembea. Alitembea juu ya mkeka uliofagiliwa, polepole, kwa sauti ya mpira ukiachia na kushika, na ukumbi mzima ukawa unasikiliza hatua zake. Alifika. Akainama kuushika mkono wa shangazi, na uzito wake wote ukaenda mguu wa kushoto, kwenye ule ukingo wa nje. Mwanahawa anasema ndipo kioo kilipolia, sauti ndogo kama ukucha ukigonga bakuli. Bi Tatu anasema hapana, kililia kabla, pale mkeka ulipoishia na sakafu kuanza. Soli ilipasuka toka upande hadi upande. Haikutawanyika, gidamu na mpira viliishikilia. Lakini Zuhura alijua imepasuka, na kila mtu alijua, na hakuna aliyejua afanye nini. Akiinua mguu, kioo kitamkata. Akiuacha, kitamkata vilevile akitikisika.

Wanawake waliokaa mbali walibaki mbali. Bi Tatu aliinuka, akaishia kushika kile kiti kitupu. Mwanahawa alikuwa ameshika sinia.

Bi Mwanamkuu akaangusha mkongojo. Akapiga magoti, magoti yale yale ambayo mke wangu anadai yalikuwa yakimuuma, akaushika mguu wa Zuhura kwa mikono miwili, mmoja kisigino, mmoja juu ya kovu.

"Tulia, mwanangu. Niegemee kichwani."

Zuhura akamwegemea. Bi Mwanamkuu akafungua gidamu moja, na ya pili kwa meno kwa sababu nta yangu ilikuwa imekaza. Akauinua mguu ukiwa sawasawa, akautoa, akauweka juu ya kanga yake mwenyewe. Haukuwa na tone la damu. Akaupapasa. Akakunjua vidole vilivyovutwa nyuma, kimoja kimoja, akatazama kati yake, akavirudisha.

"Uliungua na nini?"

"Mafuta ya nazi, shangazi. Jungu lilipinduka."

Mzee akageuza kichwa kuelekea ukumbini, bila kuuachia mguu. "Mmesikia? Huu si ukoma. Hili ni jungu." Kisha akawaambia wale waliokaa mbali: "Mbona mmekaa huko kama mna deni? Sogeeni, mtoto anataka pa kukaa."

Arusi ilifungwa mwezi uliofuata.

Sasa turudi kwenye swali lenu. Kubadhi la kushoto lilipasuka. La kulia lilitembea safari ile ile, juu ya mkeka ule ule, likambeba mtu yule yule, na halikupata hata mstari. Bi Mwanamkuu aliliomba, akaenda nalo Mwera. Kwa hiyo nikisema viatu vya kioo havivaliki, lile la kulia linanikanusha. Nikisema vinavalika, la kushoto linanikanusha. Mzee Petro naye, hadi alipostaafu akarudi milimani, alikuwa na jibu lake: kwamba kioo kinabeba mguu ila hakiwezi kumbeba mtu anayemwendea mtu mwingine. Nilimwambia hilo si jibu la fundi. Akasema anajua.

Kuna jambo lingine lililonisumbua zaidi. Lile la kushoto lingekaa zima, labda Bi Mwanamkuu angetazama kwa mbali kupitia kioo, aridhike au asiridhike, aende zake. Kama ni hivyo, basi kiatu kilifanya kazi kwa kuvunjika. Na fundi gani anaweza kusema hivyo kuhusu kazi yake, akalala usingizi? Lakini pia ningemshonea kile cha Bi Tatu, cha ngozi laini, hakuna ambaye angelazimika kupiga magoti. Nimelizungusha jambo hili miaka yote hiyo kama mtu anayezungusha kiatu akitafuta mbele ni wapi. Nimeshona maelfu ya viatu baada ya hapo, na hakuna kilichonitesa kama kile ambacho sikujua kama kilifaulu.

Fungate ilipokwisha, Zuhura alikuja Tanga kumtembelea mama yake, akapita karakana. Alitaka viatu vya ngozi, na mimi nilikuwa nimehifadhi alama ya mkaa ya pale anapokanyaga, kwa hiyo nilijua namna ya kuinua soli upande wa ndani. Nilifurahi kumwona, lakini zaidi nilifurahi kwa sababu sasa ningemuuliza mwenye mguu. Yeye alikuwa ndani ya kile kiatu. Yeye angejua.

"Niambie ukweli, Zuhura. Kilipasuka ulipokuwa unatembea, au ulipoinama? Mkekani au sakafuni?"

Akajaribu kukumbuka. Nilimwona anajaribu kweli, kwa heshima yangu.

"Sijui, fundi," akasema. "Nilikuwa nikiitazama mikono ya shangazi."

Nikamwita Mwanahawa aje na kipimo. Nikachukua chaki, nikamuuliza anataka ngozi ifunike hadi wapi: hadi kwenye vidole, au hadi kwenye kifundo kama vile vyake vya zamani?

"Kanda mbili tu," akasema. "Mwera kuna joto."